Nimetafuna Masahihisho ya Kamugisha

Wenzangu wa Rubafu, amani iwe kwenu. Leo nimeaibika. Tena nimeaibika huku natafuna.

Mnajua kwamba tangu niache kufundisha, Mungu amenipa kazi ndogo ya uzeeni. Watu wetu waliovuka ziwa kwenda chuo kikuu kule Uganda, wakirudi likizo huniletea maandiko yao niyasome kabla hayajafika kwa wakubwa wao. Siyajui yote wanayoyaandika. Ila sentensi iliyopotea njia naitambua, hata ikiwa ya Kiingereza. (Nimesahihisha madaftari miaka thelathini. Kama kuna kipaji, ndicho hicho tu.)

Safari hii ni Kamugisha wa Ngenge. Si mtoto. Ni mwalimu, ana mke na watoto wawili. Shahada ya kwanza anayo, sasa anaandika andiko refu la shahada ya juu, kuhusu namna watoto wa Ngenge wanavyojifunza kuhesabu nyumbani kabla hawajaona mlango wa shule. Hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ameuliza habari zake. Lakini chuo kilimrudishia andiko lote na neno moja: halieleweki. Akapewa nafasi moja ya kulirekebisha. Likirudi tena, nafasi yake imekwisha. Na alitakiwa kuondoka nalo kwa meli ya leo jioni.

Alinikabidhi kurasa Jumatatu, akaenda kukaa kwa shangazi yake mjini. Zilikuwa zimepigwa taipu vizuri, nyeupe, hazina doa. Chuo hakitaki kurasa zilizochorwachorwa, na karatasi ni adimu. Kwa hiyo nina njia yangu, na Kamugisha anaijua. Natandika mkeka juu ya nyasi sakafuni, napanga kurasa zote kwa mstari, kisha natembea katikati yake nikisoma. Nikikwama mahali, naweka punje moja ya kahawa ya kutafuna pembeni mwa sentensi hiyo. Ukurasa wenye punje utapigwa upya. Usio na punje umepona.

Hadi jana nilikuwa nimeweka punje thelathini na moja.

(Mtauliza kwa nini sikuandika orodha. Mke wangu pia ameuliza.)

Leo asubuhi Kokutona, huyo mke wangu, alikwenda kibanjani kupalilia. Nikabaki peke yangu hapa Kibeta nikimsubiri Kamugisha. Saa tatu hivi, sauti mlangoni.

"Hodi, Mwalimu!"

Mchungaji wetu! Nikafurahi.

"Karibu, Mchungaji. Kasinge, waitu," nikamsalimu kwa Kihaya.

Akaketi. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu kidogo cha kahawa kilicho karibu na kiti changu. Kitupu! Bila shaka kitupu, kahawa yote ilikuwa kazini. Na mnajua wenyewe, kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hata ya maji. Kumketisha bila hiyo ni kumwambia arudi alikotoka.

Nilipogeuka ili niombe radhi, Mchungaji alikuwa ameshainama. Miwani yake ilivunjika wiki iliyopita, kwa hiyo maandishi hakuyaona. Kahawa aliiona.

"Ah, Mwalimu! Siku hizi mgeni anaandaliwa amwani juu ya karatasi nyeupe? Usafi gani huu!"

Akatia kinywani ukurasa wa nne, aya ya mwisho.

Mtasema, si ungemzuia? Haya, jaribuni ninyi kumshika mgeni mkono ulioshika kahawa. Mkono wa mchungaji tena!

Nikajifariji: ni moja tu, nitaikumbuka. Ukurasa wa nne, aya ya mwisho. Akachukua ya ukurasa wa tisa. Nne, tisa, nikasema moyoni. Akaanza kunieleza habari za paa la kanisa, kwamba linavuja upande wa wanawake. Kumi na mbili. Kwamba fundi ametoroka na ngazi. Kumi na tano, mbili kwa mpigo! Nne, tisa, kumi na mbili, kumi na tano, ngazi. Hapo nikapotea.

"Mbona hutafuni, Mwalimu?" akaniuliza. "Unaniacha peke yangu kama niliyekuja kuombaomba?"

Ni kweli, mgeni hatafuni peke yake. Nikachukua moja, kwa adabu. Ilikuwa imechemshwa na Kokutona kwa majani yake yale yenye harufu nzuri. Ya pili haikuomba ruhusa. Tulipofika kwenye habari za mbao, mkono wangu ulikuwa unajiendea wenyewe, na mimi nilikuwa nikitoa ushauri kuhusu misumari.

Ndipo Kamugisha akaingia, ameshika utepe mpya wa mashine yangu ya taipu. Akasimama mlangoni. Akautazama ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akatembea polepole kando ya mkeka mpaka wa mwisho, kisha akarudi tena mpaka wa kwanza.

"Tata," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita baba yake, "hakuna hata moja?"

Nilikuwa na punje kinywani. Nikasema, "Mmh."

(Hiyo "mmh" nimeshaitubu mara tatu tangu mchana.)

Mtu mzima yule akapiga magoti kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono. "Nilimwambia mke wangu nikishindwa safari hii sitaweza kumtazama mtu usoni Ngenge nzima. Asante, Mungu wangu. Asante, Tata."

Mchungaji naye machozi yakamlenga. Akasimama. "Tuombe!"

Akamshukuru Mungu kwa andiko lisilo na kosa. Akamshukuru kwa mzee mwenye macho makini, asiyepitwa na kitu. Nami nikaitikia Amina. Nawaambia ukweli, Amina ile ilitoka huku punje ya mwisho imebanwa shavuni.

Sikuweza kuendelea. Nikasema, "Kamugisha, mwanangu, inuka. Makosa yalikuwepo. Thelathini na moja."

"Yako wapi?"

Nikaonyesha tumbo langu. Halafu, Mungu anisamehe, nikaonyesha la Mchungaji.

Mchungaji akatema kitu kiganjani, akakitazama kwa karibu sana.

"Na hii ni ya ukurasa gani?"

"Sijui, Mchungaji."

Kicheko kikalipuka nje ya dirisha. Kokutona! Amerudi na jembe lake, amesikia yote, ameegemea ukuta asianguke. Lakini Kamugisha hakucheka. Alibaki pale pale kwenye nyasi, uso umemshuka. Aibu ya kweli ilinipata hapo, wenzangu. Nilikuwa nimemwacha mtu amshukuru Mungu kwa kitu nilichojua si kweli.

Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akasema, "Si kitu, Tata," kwa namna ya mtu ambaye kwake ni kitu kikubwa.

Kokutona akanawa mikono, akaingia, akaketi mkekani.

"Nisomee mimi," akamwambia.

"Mawe," akajibu, kama amwitavyo mama yake, "ni Kiingereza."

"Basi nieleze kwa Kihaya. Si ni habari za watoto wa Ngenge? Mimi nimelea saba."

Kamugisha akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. (Ningekataa kwa uso upi?) Akaanza kusoma sentensi moja moja, kisha kuieleza kwa Kihaya. Palipokuwa pazuri, maneno yalitiririka, na Kokutona akaitikia, "Eeh. Eeh." Ukurasa wa nne akakwama.

"Hapo umesema nini?"

"Nimesema mtoto anakuwa na... yaani, ule uwezo wa..."

"Hujui," akasema Kokutona, bila ukali. Akatoa harage bichi mfukoni, akaliweka pembeni mwa sentensi.

"Kwa nini harage?" Mchungaji akauliza.

"Bichi halitafuniki." Alinitazama mimi wakati akijibu.

Kila alipokwama Kamugisha, harage. Mengi yalikuwa punje zangu zilizorudi nyumbani. Lakini maharage sita yalitua kwenye sentensi nilizozipita mwenyewe nikizisifu, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri mno! Nimekaa na vitabu maisha yangu yote. Sikuwahi kumwuliza mke wangu jambo hata moja kuhusu kazi hii.

Karibu na mwisho, Kamugisha akaeleza kwamba mtoto anaanza kwa kuhesabu ndizi. Kokutona akatikisa kichwa.

"Mtoto hahesabu ndizi, mwanangu. Anahesabu watu waliokuja kula. Anataka kujua kama yake itabaki."

Kamugisha akachukua kalamu. "Mawe," akasema, "mwaka mzima nimekuwa nikiitafuta sentensi hiyo."

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza leo. Akatucheka wote wawili, mimi na Mchungaji, mpaka akafuta macho.

Akapiga taipu bila kusimama. Mimi nikamsomea, Mchungaji akapanga kurasa (kwa vidole tu, kinywa kimefungwa). Saa kumi tukamaliza. Mchungaji akasema yeye ndiye mwenye baiskeli na yeye ndiye mwenye deni la dhambi, kwa hiyo Kamugisha akaketi nyuma, andiko kifuani, na mtumishi wa Mungu akateremka naye Kibeta kuelekea bandarini kwa mwendo ambao sitauandika hapa.

Amerudi sasa hivi, amelowa jasho. "Amepanda," amesema. "Meli imeondoka naye."

Mungu ashukuriwe. Safari hii nimeitikia Amina kinywa kikiwa kitupu.

Nawaomba jambo moja, wapendwa. Msinicheke. Kokutona bado anacheka huko jikoni, na anachocheka kinatosha Rubafu nzima.