Kiti kilikuwa chini, na mimi nikawa chini zaidi

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, na baba mzazi akiwa shahidi.

Wanaonijua wanajua kimo changu. Wasionijua, basi: nikisimama kwenye foleni ya benki, mlinzi huuliza huyu mtoto kaja na nani. Mimi ni mkunga kwenye kliniki ndogo hapa Bwaise, Kampala. Mvua ikinyesha magari hayapiti, na mtoto anayetaka kuzaliwa hasubiri maji yapungue. Kwa hiyo nataka pikipiki yangu mwenyewe.

Mzee wangu, sajini mstaafu, aliendesha pikipiki za polisi miaka yote ya utumishi wake. Ana kofia moja ngumu nyeupe anayoipangusa kila Jumapili. Nimeitamani kofia hiyo tangu utotoni. Wiki iliyopita akaniambia, "Mimi hapana sema wewe fupi. Mimi nasema pikipiki ndio ndefu." Tukakubaliana: nikipata inayonifaa, niizungushe mbele yake, nisimame miguuni pake bila kushikwa. Kofia inakuwa yangu.

Leo asubuhi tukaenda duka la pikipiki la Bi Salma, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Nilivaa gauni la kazi, suruali ndani, na viatu vya soli nene kuliko matofali (ndiyo, nilikuwa nadanganya).

Bi Salma akatoka nyuma ya kaunta. Wallahi, ni mfupi kuliko mimi! Akatazama viatu vyangu, akatabasamu.

"Vua hivyo, mwanangu. Pikipiki utaipanda na miguu uliyopewa na Mungu."

Nikavua. Nikapanda ya kwanza, miguu ikaning'inia hewani. Ya pili ilikuwa na kiti cha urefu uleule, ila kipana. Vidole vikatafuta ardhi, visiione.

"Kiti kipana hupanua mapaja, urefu wa mguu unaishia njiani," akasema. "Tafuta chembamba hapa mbele, karibu na tanki. Na si lazima miguu yote miwili ifike. Mmoja unatosha."

Sikumwamini. Basi akakunja buibui lake, suruali ikaonekana chini, akapanda pikipiki ndefu kuliko zote dukani. Akasogeza kalio moja pembeni, mguu wa kushoto ukatua chini, akawasha. Akazunguka ua mzima, akapita katikati ya mapipa mawili ambayo mimi ningepita kwa miguu kwa kujibana, akasimama mbele yetu kimya kabisa. Ushungi haukusogea. Mzee, ambaye hasifii mtu, alinong'ona, "Huyu mama iko hatari."

Nikaletewa ndogo nyekundu, kiti chembamba, chini kabisa. Nikakaa. Nyayo zote mbili zikagusa ardhi! Nilitaka kulia. Sijawahi kukaa juu ya kitu cha watu wazima miguu ikafika chini, hata kiti cha kanisani.

Mzee akaketi kwenye kiti cha plastiki mwisho wa ua, kofia mapajani. Vijana wa boda wa stejini, kituo chao pale nje, wakasogea getini kuangalia. Nikapachika pochi begani, nikaingiza gia ya kwanza, nikaondoka.

Naendesha, jamani! Upepo usoni, injini inanguruma chini yangu, na anayeifanya ingurume ni mimi! Niliona maajabu.

Sasa mnielewe. Miaka ishirini nimepanda boda kama wanawake wengi wa Kampala: upande mmoja, miguu yote kushoto, pochi mapajani. Mwalimu aliyenifundisha pikipiki kule Kyambogo alikuwa akiishika kwa nyuma kila niliposimama (nilidhani ni upole). Kwa hiyo kusimama peke yangu sikuwahi kufanya hata siku moja.

Nikamkaribia Mzee. Nikapunguza mwendo. Na mdomo wangu, bila idhini yangu, ukatamka kwa sauti lile neno ambalo abiria wa Kampala humwambia dereva wake anapokaribia kufika:

"Ssebo, maaso awo!" Yaani, bwana, nishushe hapo mbele.

Halafu nikavusha mguu, nikashuka upande wa kushoto. Kiti kilikuwa chini vizuri, sikuhangaika hata kidogo. Nikanyoosha gauni. Nikafungua pochi kutafuta nauli.

Pikipiki ikaendelea na safari.

"Nnyabo! Mama!" vijana wa boda wakapiga kelele getini. "Dereva ni wewe!"

Ilimpita Mzee polepole, ikaegemea lundo la matairi ya zamani, ikalala na kuzimika. Mimi nimesimama peku, noti mkononi, namtafuta wa kumlipa. Kijana mmoja wa boda alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mwingine aliomba ile noti.

Bi Salma hakucheka. Akaigeuzia pikipiki mgongo, akachuchumaa, akashika usukani mkono mmoja na chuma cha nyuma mkono mwingine, akatembea kinyumenyume hatua ndogondogo. Ikasimama wima, nzima. Mama mfupi kuliko mimi! Nilisahau aibu yangu kwa muda, nikawa namwangalia tu.

Mzee akainuka, akakaza mgongo, akampigia saluti ya kweli. Kisha akamkabidhi kofia yangu.

"Mama, hii weka wewe. Siku hii toto yangu najua yeye si abiria, wewe napatia yeye."

Kesho saa kumi na mbili asubuhi naanza masomo kwa Bi Salma. Somo la kwanza: kusimama. Amesema kwanza niiondoe tabia ya kukaa upande, kwa hiyo jioni hii nimerudi nyumbani kwa boda nimetanua miguu kama mwanaume, gauni na yote, Bombo Road nzima ikiniangalia.

Atakayecheka, atafute mkunga mwingine.