Kompyuta ya Mkunga

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu yuko zamu. Ijumaa anastaafu ukunga, na kwenye hafla atawaonyesha wenzake picha za vichanga aliowazalisha. Zote zimo kwenye kompyuta mpakato yake, hazina nakala popote. Kompyuta yenyewe inajikongoja. Nitamshtukiza: naiwekea toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha! Shemeji, mdogo wake, fundi simu, aliwahi kunionya nisiiguse. Wivu tu.

Jioni. Mambo yalikuwa yananyooka, mara mlango huo! Kawahi kurudi. Nikaifunga kompyuta katikati ya kazi, nikaisukuma chini ya mto, nikaukalia. Akauliza mbona nimekaa kama kuku anayeatamia. Nikasingizia mgongo. Maskini, kachoka na zamu, bado akachukua mafuta akanikanda. Mto ukazidi kupata moto.

Jumanne, 5 Machi
Skrini nyeusi. Maandishi meupe yanasema mfumo umeingiwa na hofu kuu. Hauko peke yake!

Mtu mmoja mtandaoni anashauri kufuta diski yote na kuanza upya. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Nikawafikiria wale watoto, nikakirudisha. Kumwomba shemeji? Abadani. Mke wangu nimemwambia kompyuta iko kwa fundi, inasafishwa. Akasema ahsante, mume wangu.

Jumatano, 6 Machi
Kanibana. Eti mficha uchi hazai: miaka yote anawaambia wajawazito waseme panapouma, basi na mimi niseme. Nikasema. Hakunigombeza. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda, anajitazama mikono. Bora angenitukana. Kisha akampigia mdogo wake.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja na fleshi yenye Linux nzima ndani. Kaichomeka, kompyuta ikawakia humo bila kupitia ule mfumo mgonjwa. Picha zote zipo! Kazinakili kwanza, ndipo akaumalizia usasishaji nilioukatiza. Akauliza ni mtu gani anayefunga kompyuta katikati ya kazi hiyo. Nikajitia hamnazo.

Mke wangu akaanza kutuonyesha: huyu alitanguliza miguu, huyu alikataa kulia. Halafu picha yangu! Nimelala chali sakafuni, muuguzi ananipepea. Siku aliyozaliwa binti yetu. Nikamsihi aifute. Akasema ng'o, uchungu wote ulimtoka alipoambiwa baba mtu kazimia. Aliingia uzazini akicheka.

Ijumaa, 8 Machi
Kaianza hafla na picha ile ile. Ukumbi mzima ulicheka. Akaja akanishika mkono mbele za watu, akasema huyu ndiye mgonjwa wake wa kudumu. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Sasa tuko nyumbani. Shemeji kashiba, anakoroma kwenye kochi. Kijana wa watu, kaniokoa, nami sijamlipa fadhila. Kompyuta yake ya kazi iko hapa mezani. Masikini, bado ana toleo la zamani! Nimeshabonyeza. Ataamka akute zawadi.