Mlango wa Majaribio

Mlango mpya wa mbao tupu, usiopakwa hata tone la kitu, na mawingu ya mvua yanakusanyika: Uhakika aliviona vyote viwili kutoka ng'ambo ya barabara, akavuka bila kuangalia magari. Jina hilo walimpa watu aliowatapeli, kwa kuwa kila uongo wake aliufunga kwa neno "uhakika". Mkononi alikuwa na kopo la vanishi ya kupika mwenyewe, majani ya chai na mafuta ya taa. Iling'aa siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa imeshatoweka, na yeye pia.

Mwenye nyumba, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amekaa kibarazani akisoma gazeti la juzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mlango huu ukipigwa na mvua utavimba, muanze kutokea dirishani. Mimi nina vanishi ya kupaka meli. Uhakika."

Mwalimu alikunja gazeti taratibu. Akasema kwamba bahati nzuri anajenga nyumba ya wageni: vyumba arobaini, milango arobaini. Fundi atakayempendeza atapewa hela zote za vifaa mkononi, kabla hata ya kuanza.

"Lakini kwanza niuone mkono wako. Nipakie huu mmoja wa majaribio."

Mate yakamjaa Uhakika mdomoni. Hela za vifaa angezipokea asubuhi, na kufika adhuhuri angekuwa mji mwingine akisifia kitu kingine. Akapaka dawa yake kidogo kwenye kipande cha mbao. Mwalimu akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji, akakimwagia kile kipande. Rangi yote ikateremka sakafuni. Wakaitazama wote wawili kwa heshima, kama watu walio msibani.

"Sampuli mbovu hii," akasema Uhakika. "Nakuletea yenyewe."

Yenyewe, vanishi ya nje isiyoogopa jua wala mvua, ilikuwa sehemu moja tu ambako angeipata bure: uvunguni mwa kitanda chake. Mama mkwe wake ndiye aliyeinunua, kwa ajili ya mlango wa nyumba yao uliokaa mtupu miaka miwili, maana Uhakika aliapa kwamba kazi za mikono Mungu hakumjalia. Mkewe alikuwa amekwenda kwa mama yake, na aliacha neno moja: "Nikirudi Jumamosi nisipoukuta mlango umepakwa, begi silishushi. Nageuza nalo." Hakuwa mwanamke wa kurudia maneno. Na Uhakika alimpenda mkewe, hilo lazima lisemwe. Hata tapeli ana moyo. Lakini alijipigia mahesabu kwamba kopo hili litamletea milango arobaini, na Jumamosi atamnunulia mama mkwe makopo kumi. Akalitia kwapani.

Mwalimu alisimamia kazi kama mtihani wa taifa.

"Ung'oe kwenye bawaba, uulaze. Msasa ufuate mistari ya mbao, usikate hovyo kama unafuta ubao. Haya, vumbi hilo."

Uhakika alisugua, akafuta vumbi kwa kitambaa, akapaka upande wa mbele, wa nyuma na ubavuni. Akanyoosha mgongo.

"Na ukingo wa chini?"

"Mwalimu, huko chini nani ataona?"

"Maji yataona."

Akapaka wa chini, akapaka na wa juu. Mkono wa kwanza wa vanishi ulikuwa mwepesi, ukaachwa ukauke usiku kucha. Asubuhi msasa laini, kitambaa, mkono wa pili. Kesho yake wa tatu, kopo likaisha. Jua la Ijumaa lilipougusa mlango, ukiwa umesharudishwa kwenye bawaba, mbao ilitoa rangi ya asali, na Uhakika akajikuta ameutazama muda mrefu kuliko alivyokusudia. Aliona fahari. Jambo hilo halikuwahi kumpata kazini, na lilimtia hofu.

Jumamosi alfajiri akaja kuchukua chake. Kibarazani alimkuta mtu amepiga magoti, anapanga vigae.

"Na wewe ni fundi wa hapa?"

"Haya ni majaribio tu, ndugu yangu. Nina vyumba arobaini vya vigae vinanisubiri."

"Vyumba arobaini?" ikauliza sauti kutoka juu ya ngazi, ambako mwingine alikuwa anapigilia mfereji wa maji ya mvua. "Vile vya nyumba ya wageni?"

Mtu wa tatu, aliyekuwa anatia vioo madirishani, akaacha kupiga mluzi. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Hawakufafanua kwamba kuna arobaini nyingine, ya milango.

Mwalimu akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake bila kelele.

"Wote mmefaulu," akasema.

"Mwalimu, hela za vifaa."

"Ujenzi ukianza."

"Kiwanja kiko wapi?"

"Bado nakitafuta," akajibu Mwalimu kwa utulivu. "Kuna dalali nimemwomba anikatie kipande cha majaribio."

Uhakika alifika kwake na kopo tupu. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya mlango mtupu, begi begani. Mume alikuwa na uongo wa aina saba tayari, lakini hakuna uliolingana na lile kopo. Maji yalishamfika shingoni. Akasema ukweli wote, tangu mwanzo.

"Sikuamini hata neno moja," akasema mkewe. "Nipeleke."

Walipofika, jirani mmoja alikuwa ameusogelea mlango wa Mwalimu, anausifia. Mke akaupapasa kwa kiganja, juu hadi chini.

"Nani fundi wa hii kazi?" jirani akauliza. "Mimi nina wangu unaharibika."

Uhakika alifungua mdomo akane. Mkewe akamwahi.

"Ni mume wangu huyu. Ana mikono ya dhahabu, alikuwa ananificha. Maelewano ufanye na mimi, na malipo unipe mimi." Kisha akamgeukia mumewe. "Tunaanza na wetu. Halafu ya mama, maana vanishi ilikuwa yake. Halafu wa huyu kaka."

"Kwa mama kuna milango mingapi?" Uhakika akauliza kwa sauti ndogo.

"Sita," akasema mkewe, akashusha begi, akampa yeye alibebe. "Bila kuhesabu ya wapangaji."