Hapa Hakuna cha Kutazama

Jumatatu, 4 Agosti
Mgeni mwingine kaingia hadi uani. Mke wangu alikuwa anaosha nywele. Yule mtu akampiga picha, akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka. Heshima gani hiyo! Mke wangu hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba akiingia mmoja zaidi, anahamia kwa dada yake mtaa mpya, ambako nyumba zote ni za juzi na hakuna anayezitolea macho. Nikamwambia aniachie mimi. Akaguna.

Chanzo ni Kipaza, mtembeza wageni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kila asubuhi anasimamisha kundi lake mlangoni petu na kutangaza kwamba wenyeji wa hapa ni wakarimu mno. Nani kamtuma?

Jumanne, 5 Agosti
Nimetundika kibao: HAPA HAKUNA CHA KUTAZAMA. Rangi nyekundu, kwa lugha zote ninazozijua, yaani mbili, ya pili kwa kubahatisha. Nikajibanza dirishani niwaone wakipita zao.

Hawakupita. Walipanga foleni wapigwe picha na kibao. Mama mmoja mwenye kofia pana aliniomba nisimame kando yake nikunje uso. Nikakunja. Mke wangu ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Eti analipangusa vumbi.

Jumatano, 6 Agosti
Tatizo si watu, tatizo ni uzee wa nyumba. Nikiupiga ukuta wa mbele saruji, itaonekana ya jana, na nani atavuka bahari kuja kutazama saruji? Fundi kakataa katakata. Kasema bila kibali cha ofisi ya urithi, mtaa huu hata msumari hagongi. Mwoga! Nimepiga mwenyewe. Kipaza alipita akanionya: mzee, utajuta. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Ofisa wa urithi amekuja. Kipaza anaapa si yeye aliyenichongea. Ofisa aligusa saruji kwa kidole kimoja, ikaporomoka yote, na chokaa ya zamani ikafuata. Nyuma yake, lahaula! Maua ya kuchongwa kwenye jiwe, kutoka chini hadi kwenye paa. Ofisa alitokwa machozi. Mimi pia, kwa sababu zangu. Amesema hakuna ukuta mkongwe kama huu mjini kote, na kwamba amenisamehe.

Ijumaa, 8 Agosti
Wamepigilia bango la shaba. Wageni wamejaa hadi jikoni, mmoja kafunua sufuria akanusa.

Mke wangu ameondoka na sanduku na birika. Alipobeba birika nikajua hatanii. Mlangoni alisema tangu mwanzo alitaka kitu kimoja tu: nisukume komeo, mlango ufungwe. Nikamweleza kwamba hiyo si mbinu, hata mtoto angeifikiria. Akaenda zake.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba imejaa watu na ni kimya. Chai nimeichemshia kwenye sufuria, ina ladha ya vitunguu.

Nimekwenda mtaa mpya. Nyumba zinafanana kupita kiasi, ikabidi nichungulie dirisha moja baada ya jingine. Mwanyumba wangu, mume wa huyo dada mtu, akatoka na ufagio akifoka kwamba hapa si maonyesho, hapa wanaishi watu. Aliponitambua hakuushusha. Nyuma yake nilimwona mke wangu, miguu juu ya kigoda, anakunywa chai. Ametulia. Sikumbuki lini nilimwona ametulia hivyo. Roho iliniuma hasa. Mlango ukafungwa, nikasikia komeo.

Njiani nikakutana na wageni waliopotea, wakaniuliza wapi pa kuona maisha halisi ya wenyeji. Wazo likanijia hapo hapo! Nikawaelekeza mtaa mpya, nyumba yenye mwenye ufagio. Nikawaambia yule huwa anafoka kwa mzaha, wasimjali, waingie tu hadi uani, na wawaambie na wenzao. Wamenishukuru sana. Wiki haitaisha, dada mtu atakuwa hana pa kupumulia, na mke wangu atatafuta mahali pa kupumzika. Atarudi wapi kama si kwake?

Ua nimeufagia. Kigoda nimekiweka kivulini. Komeo letu nimeling'oa na kulitupa, asije akakuta mlango umefungwa.