Jiwe la Kilo Juu ya Santuri

Jumatatu, 4 Mei

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Mama mkwe anakuja Jumapili kusikiliza santuri ya marehemu mumewe. Ndiyo pekee iliyobaki. Upande mmoja anaimba baba mkwe, upande wa pili anaimba mtu asiyetuhusu. Shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, amemwambia mama yake kwamba kwangu santuri inateseka. Kwake kuna mashine mpya ya kupigia santuri, yenye mkeka maalumu chini ya santuri na kibanio cha kuikandamiza katikati. Mama mkwe amekata shauri: atasikiliza kwangu, na asiporidhika santuri itahamia kwa mwanawe.

Shemeji alirithi nyumba. Mke wangu alirithi santuri.

Nimeipiga jioni. Imepinda ukingoni. Sindano inapanda, inashuka, na baba mkwe anaimba kama mtu aliyeshikwa na baridi. Mke wangu ameniomba jambo moja tu: niipanguse vumbi, kisha niiache. Nimekubali. Hata hivyo nina mpango.

Jumanne, 5 Mei

Mkeka! Nimekata mpira wa ndani wa tairi, duara safi, nikautandika chini ya santuri. Mpira hunyonya mitetemo. Shemeji alinieleza hayo siku aliyoning'oa gego, wakati sikuwa na uwezo wa kumpinga.

Sauti imenenepa kidogo, au najidanganya. Sebule nzima inanuka gereji. Nilipoinua santuri, mpira ukapanda nayo umeing'ang'ania, kisha ukaachia na kutua kwenye kikombe changu. Nimekunywa hivyo hivyo.

Jumatano, 6 Mei

Nimeachana na mikeka. Dawa ni kibanio. Nimetwaa kizibo cha chupa ya chai, nikakitoboa katikati na kukisindilia kwenye kijiti kinachoshika santuri. Kimebana barabara! Nikaiacha ibanwe mchana kutwa inyooke, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Ningejua nisingepiga. Kizibo kilikuwa na mabaki ya chai yenye sukari, kikagandana na ile karatasi ya katikati. Nilipokivuta kilitoka na jina la baba mkwe. Jina zima! Yamebaki maneno "Upande wa Kwanza".

Nimelirudisha kwa gundi. Limekaa upande, lakini limekaa. Chai ya jioni ilikuwa ya baridi, na mke wangu akauliza kizibo kiko wapi. Nilimwambia dunia ina mambo mengi.

Alhamisi, 7 Mei

Shemeji amepita, eti kusalimia. Akaliona jina. Akavaa miwani anayotazamia meno yaliyooza, akainama, akaguna. Naujua mguno ule. Baada yake huja koleo.

Mlangoni alimweleza dada yake, makusudi nisikie, kwamba wajuzi hutumia uzito: kitu kizito cha mviringo, chenye tundu chini, hukaa juu ya santuri na kuituliza. Akasema vitu hivyo havipatikani ovyo ovyo.

Shemeji amesahau mimi ni nani. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Kabati langu la ofisini halina kingine ila vitu vizito vya mviringo.

Ijumaa, 8 Mei

Nimetoka ofisini na jiwe la kilo, nimelivika soksi. Si jiwe la dukani, ni lile la shaba, ambalo mizani zote za soko hukaguliwa kwalo. Kasoro yake moja: halina tundu.

Fundi wa vyuma amelitoboa chini, kina cha kidole. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake ni kutoboa, si kuhoji. Akanipa unga wa shaba kwenye karatasi, kijiko kizima. Nimeumwaga mtaroni.

Jumamosi, 9 Mei

Sindano haipandi tena wala haishuki. Ila mashine nayo ni mzee mwenzangu, mkanda wake umelegea, na kwa kilo moja kichwani inazunguka kwa kusuasua. Baba mkwe, aliyejulikana kwa sauti nyembamba, anaimba nzito na polepole. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni huyo ni nani.

Nimepaka mafuta ya cherehani. Nimesukuma kwa kidole. Nikiondoa jiwe, mtetemo unarudi. Nikilirudisha, anazeeka miaka ishirini.

Mke wangu akaja, akasimama karibu yangu. "Mimi sina kitu kingine cha baba," alisema. Akarudi jikoni. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumapili, 10 Mei

Wamekuja. Mama mkwe ameketi karibu na spika, mikono mapajani. Shemeji amesimama na saa yake mkononi, anahesabu mizunguko. Nimeweka jiwe na kushusha sindano.

Ikaanza ile sauti nzito, ya polepole. Shemeji akasema mashine imeelemewa, mwendo umepungua, hiyo si sauti ya baba.

"Nyamaza, baba," mama mkwe alimwambia. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiniimbia mimi. Kule walikorekodi walimharakisha."

Tukasikiliza hadi mwisho. Alikuwa analia bila kujifuta. Mke wangu alikaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake. Mimi nilikwenda kutazama dirisha, maana macho yalikuwa yananisumbua. Santuri inabaki. Shemeji hakuguna.

Jumatatu, 11 Mei

Nimelirudisha jiwe kabatini kabla msimamizi hajafika. Tundu nimeliziba kwa nta ya mshumaa. Huwezi kujua.

Mke wangu amenipikia leo bila kuulizia kizibo. Amesema tu kwamba sasa imetosha, nisiiguse tena mashine ile. Nimekubali.

Jumatano, 13 Mei

Siku ndefu. Nimekagua mizani kumi na moja sokoni kwa jiwe langu la shaba. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: zote zimeonyesha pungufu, gramu kumi na nane kila moja! Soko zima linajipunja lenyewe. Nimewaamuru wote wazirekebishe. Muuza nyama alibisha sana, akadai mizani yake haijawahi kukosea tangu enzi za baba yake. Nikamwambia binadamu hukosea, jiwe halikosei. Jioni mke wangu amenung'unika kwamba kilo ya sukari aliyonunua haikujaza mkebe kama kawaida. Nimemwambia wafanyabiashara ndivyo walivyo, hata uwakague vipi.

Mama mkwe ametuma salamu. Atakuja kila Jumapili.

Nimefungua kabati kulitazama jiwe, na jirani yake nikaliona la kilo mbili. Zima, halijaguswa. Ikiwa kilo moja imemrudisha baba mkwe nyumbani, kilo mbili zitamketisha kitini. Kesho naomba ruhusa ya kutoka mapema. Fundi wa vyuma hufunga saa kumi.