Vita vya Kugeuza Kiwambo

Tegeni masikio, enyi ambao simu zenu huzima katikati ya maneno matamu, mpate habari za Mama Betri, simba jike wa koti jeupe, malkia wa kibano, na siku aliyopindua duara la utando lisilozidi kifungo cha koti!

Kwa maana ndani ya betri yake, lithiamu na salfa zilitenganishwa na kiwambo chembamba, nayo salfa, jeshi lisilo na haya, ikayeyuka na kupenya hadi kambi ya lithiamu, na betri ikafa kifo cha aibu. Mama Betri akakipaka kiwambo kaboni upande mmoja, ngome nyeusi ya kumzuia adui. Betri zikaendelea kufa. Mkuu wa maabara akatamka: "Ikifa na ijayo, meza yako anapewa wifi yako." Naye wifi, dada wa mumewe, mtaalamu wa betri za sodiamu katika maabara ile ile, alikuwa ameshaipima meza kwa macho.

Ndipo shujaa akapasua betri mfu, akaona upande mweupe ndio uliogandana na salfa. Siku zote alikuwa akikiweka kinyume! Ngome ilimpa adui mgongo. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akatumbukiza mikono katika glavu zilizoshikizwa kwenye ukuta wa sanduku la kioo lisiloingiza hewa ya nje, akanyanyua kiwambo kipya ili akigeuze. Lakini hewa ya mle ni kavu mno, na plastiki hujaa umeme tuli ikanata popote. Kikanasa kwenye glavu ya kulia, akakikung'uta, kikahamia ya kushoto.

"Shuka, ewe mwana wa plastiki! Unajua unachezea meza ya nani?"

Hapo hapo pua ikaanza kuwasha, na mikono imefungwa hadi viwikoni.

"Wifi! Ewe binti wa ukoo mtukufu! Pua!"

Wifi akaja kwa madaha. "Omba vizuri."

"Wifi yangu kipenzi, chonde chonde, nikune."

"Na meza je?"

"Nikune kwanza!"

Wifi akaitazama meza, akaitazama pua, akacheka, akakuna. Mama Betri akashusha pumzi, mkono ukatulia, na kiwambo kikatua, weusi wake ukiikabili salfa uso kwa uso.

Wiki zikapita, betri ikijazwa na kumalizwa, na mstari wa nguvu zake kwenye kompyuta haukuporomoka. Mkuu akaukodolea macho. "Hm. Baki na meza yako."

Basi na iandikwe, vizazi visome, kwamba siku ile kiwambo kiligeuzwa na salfa ikarudishwa kwao!

"Na aliyekuna pua?" wifi akauliza.

Naye ameandikwa.