Kasimiri wa Nsemulwa na Sikio la Radi

Sogeeni, enyi mliokwisha kula na nyie msiotarajia kula, wenye viti na wa kusimama, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, kwa maana leo navisimulia vita vya Kasimiri wa Nsemulwa, fundi baiskeli, mnyoosha rimu, bwana wa gumba lisilotetemeka, na jinsi alivyobonyeza kitufe. Nawe, ewe jenereta uliyetungurumia Jumamosi nyingi, njoo unipe pumzi, ila usizimike katikati kama ulivyotufanyia siku ya fainali. Watu wa Tabora watasema jambo hili walilijua kabla yetu. Waacheni na Tabora yao.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na sita, vumbi la Mpanda limepanda hadi kwenye nyusi za watu, na katika mji wote hapakuwa na kasri tukufu kulishinda banda la video la Bwana Seleman. Kuta zake zilikuwa za tofali za udongo, paa la bati, madirisha yamezibwa kwa magunia, na huko mbele, juu ya meza yenye kitambaa alichokifuma mkewe Mwanahija, ilikaa televisheni ya inchi kumi na nne pamoja na deki yake, ambayo hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa Seleman mwenyewe, tena akiwa amenawa mikono. Kanda za mieleka zilikuja kwa treni. Zilikuja zilivyotaka zenyewe, hazina namba wala tarehe, na sisi tulizipokea kwa shukrani kwa mpangilio huo huo zilioshuka nao stesheni.

Mbele kabisa, upande wa ukutani, palipo na benchi ambalo hakuna kichwa cha mtu kinachokuzuia kuona, ndipo alipokaa Kasimiri. Hapo ndipo alipotoa hukumu zake, na mji ukazishika. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba Kinyago, yule mpiganaji asiyeonyesha uso, si mwoga hata kidogo, ila ana mama mkali nyumbani asiyetaka kusikia habari za ngumi. Yeye ndiye aliyemtetea mwamuzi tuliyekuwa tunamtukana kwa kugeuza mgongo kila mtu akipigwa kwa kiti. Alisema yule ni mtu mwenye adabu, hapendi kutazama ugomvi wa watu wazima. Kuhusu Mnene wa Visiwani alisema kwa uchungu kabisa kwamba angekuwa bingwa miaka mingi kama angejifunza kuamka upesi. Wako wanaosema mieleka ile ni maigizo. Watu hao tunawajua, na hatuwataji hapa.

Lakini hukumu yake kuu, iliyomjengea jina toka Nsemulwa hadi stesheni, ilihusu Kipara na Radi. Kanda ya Kipara ndiyo iliyotangulia kutufikia: jitu la makamo, halina unywele, kaptula nyekundu yenye nyota, limeshindwa pambano, likavua viatu, likaviweka katikati ya ulingo na kuondoka pekupeku likilia. Banda zima tulilia naye. Mwaka uliofuata treni ikaleta kanda ya Radi, kijana wa nywele hadi mabegani, kaptula ile ile, nyota ile ile, akiruka toka juu ya kamba kama mtu asiyejua kwamba chini kuna sakafu. Ndipo Kasimiri aliposimama na kutangaza: "Huyu ni mwana! Amekuja kuvaa viatu vya baba!" Mtu mmoja akauliza mbona mtangazaji analitaja jina moja kwa wote wawili. Kasimiri akamjibu kwamba ndivyo ilivyo, mtoto hubeba jina la baba yake, kwani yeye kwao wanaitanaje? Yule mtu akakaa.

Na nyie mjue kwamba neno hilo halikuwa la mdomoni tu. Baba yake Kasimiri alikuwa fundi, na alipokufa alimwachia spana tatu na pampu, na tangu siku ile Kasimiri hakuweza kushika spana bila kufurahi kwamba ilipata mkono. Alimpenda Radi kwa sababu hiyo. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini ilionekana.

Basi ikawa Jumamosi moja asubuhi akaja Ndaki, mfugaji wa kule Magamba, baba yake Minza, mtu mrefu mwenye maneno machache, akiikokota baiskeli iliyopinda rimu ya nyuma. Kasimiri aliinyoosha, na huku akiinyoosha akamsimulia ukoo mzima wa Kipara na Radi.  Alasiri Ndaki akaenda bandani, akakaa, akazitazama kanda zote mbili hadi mwisho, kisha akasimama na kunena.

"Fundi, kuongea unajua, sikukatalii. Lakini mimi nimekulia zizini. Ng'ombe wangu nawajua mmoja mmoja, hata aliyenigeuzia mkia. Ndama si mama yake, na dume akizeeka ni dume yule yule. Hao watu wawili ni mtu mmoja. Namna anavyovuka kamba ni moja, mguu wa kulia kwanza, halafu anatingisha bega. Tena yule wa kipara ana pengo kwenye sikio la kushoto, hapa juu, kama tunavyowatia alama ng'ombe wetu. Huyo kijana mfunueni nywele, mtaliona pengo. Kanda zenu mmezianzia mwishoni."

Lo! Banda lilivuma. Mtu alidondosha karanga na hakuziokota. Kasimiri akainuka taratibu toka kwenye benchi la mbele, akafuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu, akajibu.

"Baba Minza! Wewe ni mgeni wetu, na rimu yako nimeinyoosha kwa moyo mweupe. Lakini umeingia humu na kutuvunjia nyumba ya watu. Unataka kuniambia yule mzee aliviacha viatu pale akauachia upepo? Miaka mitatu nauambia mji huu kwamba vile viatu vilipata miguu! Nywele zile zimefunika masikio tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho. Wewe hilo pengo umeliona wapi?"

"Sijaliona," akasema Ndaki. "Nasema lipo."

"Nywele zinaruka mara moja tu," akasema Kasimiri, na sauti yake ilishuka kidogo, kwa kuwa kanda ile aliijua kuliko sala. "Akijitupa toka juu. Ni kupepesa jicho."

Ndipo Seleman, mwenye banda, mwenye deki, mwenye neno la mwisho, akanyoosha mkono na kutoa amri ambayo haikuwahi kutolewa. "Kanda ya Radi itapigwa mara tatu, na wa kuisimamisha ni Kasimiri mwenyewe, maana hakuna mwingine anayejua zinaruka lini. Mikono unawe kwanza. Tukiliona pengo, fundi anaondoka benchi la mbele, anakwenda kukaa nyuma ya nguzo, na hatoi neno la mieleka hadi mvua ya kwanza. Mara tatu zikipita bila pengo, Ndaki ndiye anayenyamaza, na benchi linabaki na mwenyewe."

"Fundi anyamaze hadi mvua?" akasema Mwanahija, aliyekuwa akimimina kahawa mlangoni. "Si mumuue tu yaishe."

Yasser, muuza vitenge, ambaye hana jema, akapaza sauti kwamba mchezo huo hauna maana, kwani Kasimiri atachelewesha kidole makusudi. Watu wakaguna kukubali. Ndaki akageuka akamtazama. "Asubuhi ameniambia rimu yangu ina ufa ambao mimi sikuuona. Angeweza kukaa kimya, ningeondoka nayo. Mwacheni abonyeze."

Maji yakaletwa, Kasimiri akanawa hadi kwenye viwiko. Akapiga goti mbele ya deki, pua yake shibiri moja toka kwenye kioo, gumba la kulia juu ya kitufe cha kusimamisha picha, ambacho kilikuwa kimechoka na kilihitaji kubonyezwa kwa ufundi, si kwa nguvu. Nje jenereta ilinguruma. Radi akapanda kamba, akasimama juu, umati wa Ulaya ukapiga kelele, akajitupa. Gumba likashuka! Picha ikaganda ikitetemeka, na tulichokipata ni mgongo wa mwamuzi. Alikuwa amewahi.

Wakarudisha kanda. Radi akapanda tena, akajitupa tena, na safari hii gumba lilichelewa. Kwenye kioo zikabaki nyayo za yule aliyeangukiwa. Banda likasema "Aaah!" kwa pamoja. Ndaki mwenyewe hakuona lolote, alikuwa amegeuka kupokea kikombe kwa Mwanahija.

Lakini Kasimiri aliona. Pua ilikuwa pale, shibiri moja. Nywele ziliinuka, sikio likatoka nje, na juu yake palikuwa na pengo.

Enyi wasikilizaji, vita vyote vilivyopiganwa kwenye ulingo ule, viti vilivyovunjwa na migongo iliyopigwa chini, havikufikia vita alivyopigana mtu huyu akiwa amepiga goti na hakuna aliyejua. Ilimbakia mara moja. Akikosea kidogo tu, kupepesa jicho, benchi ni lake, na Radi ni mwana, na viatu vina miguu. Aliwaza kiangazi kizima nyuma ya nguzo akisikiliza watu wakimsingizia Kinyago bila kuweza kumtetea. Akawaza spana tatu. Roho ilimuuma, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Akatazama nyuma, akamwona Ndaki ameshika kikombe mikononi bila kukinywa, anamngoja yeye.

"Rudisha," akasema Kasimiri.

Radi akapanda. Mguu wa kulia kwanza, bega likatingishika, na Kasimiri kwa mara ya kwanza akaliona hilo nalo. Akasimama juu. Akajitupa, na gumba la Kasimiri wa Nsemulwa, mwana wa fundi, likashuka mahali pake na kwa wakati wake, wala halikutangulia wala halikuchelewa. Mtu akaning'inia hewani katikati ya televisheni ya Seleman, mikono wazi, nywele zote juu, na sikio la kushoto likawa wazi mbele ya mji mzima, na pengo lake.

Watu wakasogea mbele kutazama. Hata Yasser.

"Ni mmoja," akasema Kasimiri. Akainuka, magoti yake yana vumbi, akatugeukia. "Ni mmoja, Baba Minza, umeshinda. Basi yule mzee hakumwachia mtu. Aliondoka hivyo hivyo, miguu mitupu."  "Lakini sijaanza kunyamaza bado, na nina ombi moja. Seleman, kanda hizi usizigeuze. Usije ukasema sasa tumejua tuzipange sawa. Ya Kipara uianze kila siku, ya Radi imalizie. Huko kwingine kote, mtu huyu ataanza na nywele na kuishia akilia. Hapa Mpanda avue viatu, alie, amalize, halafu apande kamba."

Seleman akaweka mkono juu ya deki na kuapa. Kasimiri akalichukua koti lake kwenye benchi la mbele, akaenda nyuma ya nguzo.

Agosti akanyamaza. Septemba akanyamaza. Siku moja mteja alimwambia kwamba Kinyago ni mwizi na uso anauficha polisi wasimkamate, na Kasimiri aliuuma mpira wa valvu hadi ukakatika, akaweka mwingine, hakusema. Mwanahija alimpelekea kahawa nyuma ya nguzo kila Jumamosi na kumwambia, "Pole, shemeji," kama mtu aliyefiwa. Oktoba mawingu yalikuja, yakamtazama, yakaenda zake Kasansa. Naye Ndaki, aliyepewa benchi la mbele, alilikalia upande wa nje tu, na ule wa ukutani ulibaki wazi, hata siku ambazo watu walisimama.

Ndipo mnamo Novemba, siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, Kipara akiwa ndiyo kwanza ameshindwa, tone moja likagonga bati. Watu wote wakageuka kutazama nguzo. Likagonga la pili, halafu mvua ikaanguka nzima nzima, na Kasimiri akasimama, akanyoosha mkono na kusema. Alisema yote. Maneno ya miezi mitatu yalimtoka, ya Kinyago na mama yake, ya mwamuzi, ya Mnene wa Visiwani, mshipa wa shingo umemtoka, kidole kinapiga hewani, na juu ya bati lile, chini ya mvua ile, hakuna hata mmoja wetu aliyesikia neno. Tulimpigia makofi hadi mikono ikauma.

Ndaki naye hakusikia kitu. Alivua kofia yake, akapangusa nayo ule upande wa ukutani, akampungia mkono aje. Basi iandikwe, na watu wa Tabora wakitaka wanakili, kwamba siku ya mvua ya kwanza Kasimiri alirudi kukaa benchi la mbele, na alipoinua macho kwenye kioo, yule mzee wa kipara alikuwa ameshaviacha viatu vyake, na Radi alikuwa anapanda kamba.